Maisha ya Thomas Bewick, Mchonga Wanyama katika Mti

Kila yanapokaribia majuma ya mazoezi ya kufundisha, swali moja hutufikia kutoka kwa wanachuo wa somo la ufundi: mfano wa mnyama tutaupata wapi? Mwanachuo amekwisha kupata kipande cha ubao, amenoa kisu na patasi, na amekusudia kuchonga umbo la swala au kobe, alipake wino na kuwapigia watoto chapa juu ya karatasi ili kila mmoja awe na picha yake. Kilichobaki ni kitu cha kufuatia mkono. Hapo aghalabu huchukua picha iliyomo katika kitabu cha darasani, ambayo nayo ilinakiliwa kutoka kitabu kingine, akaifuatisha kwa kalamu juu ya karatasi nyembamba, kisha akaihamishia ubaoni. Tumepata kupokea kwa njia hiyo ng'ombe ambaye pembe zake zimeota chini ya masikio, na hali ng'ombe wa chuo walikuwa wakila majani nyuma ya karakana yenyewe.

Kwa sababu hiyo tumeona yafaa kuwasimulia wanachuo maisha ya mtu aliyehangaika na swali hilo tangu alipokuwa mtoto wa shule hata uzee wake. Mtu huyo ni Thomas Bewick, Mwingereza, ambaye picha zake za wanyama na ndege zilizochongwa katika mti zingali zikitazamwa hata leo.

Bewick alizaliwa mwezi wa Agosti mwaka 1753 katika nyumba ndogo ya shamba iitwayo Cherryburn, karibu na mto Tyne, kaskazini mwa Uingereza, umbali wa kilometa 18 hivi kutoka mji wa Newcastle. Baba yake, John, alilima shamba dogo, na pamoja na hilo alikodi machimbo madogo ya makaa ya mawe. Mama yake, Jane, kabla ya kuolewa alikuwa akitunza nyumba ya kasisi wa Ovingham, kijiji kilicho ng'ambo ya pili ya mto. Thomas alikuwa kifungua mimba wao, na baada yake walizaliwa wadogo saba.

Shule yake ya kwanza ilikuwa katika kijiji cha Mickley, na mwalimu wa hapo alikuwa mtu wa fimbo. Mtoto mwenye kosa alibebwa mgongoni mwa mwenziwe mkubwa ili achapwe vizuri. Ilipofika zamu ya Thomas, alipigana, akampiga mwalimu mateke ya miguuni kwa viatu vyake vya mti vyenye pete za chuma, akakimbia. Tangu siku hiyo hakurudi tena darasani kwa mwalimu yule. Kila asubuhi alitoka nyumbani kama aendaye shule, akashinda kwenye vijito akijenga mabwawa ya udongo na kutazama viumbe vya majini, na jioni akarejea pamoja na wenzake. Wanachuo watakaopangiwa madarasa ya chini na waifikirie habari hii kwa makini, maana huenda mwalimu yule, hadi mwisho wa siku zake, alimhesabu mtoto huyu kuwa mvivu asiyefundishika.

Baadaye alipelekwa kwa kasisi wa Ovingham, Christopher Gregson, aliyekuwa akifundisha watoto Kilatini na hesabu. Kasisi huyu alikuwa mtu mwema zaidi, lakini naye alipata taabu na Thomas. Mtoto alimaliza hesabu zake upesi, kisha akajaza pembezoni mwa vitabu na nafasi yote iliyobaki kwenye kibao chake picha za kila alichokiona. Karatasi ilipokwisha, alichukua chaki akachora juu ya mawe ya makaburi na juu ya sakafu ya baraza ya kanisa. Nyumbani alichora juu ya mawe ya mekoni, akiinama mpaka uso ukaungua kwa moto. Kasisi alimkaripia kwa kupoteza wakati, na baba yake akamuunga mkono kasisi. Makaripio hayo hayakufaa kitu. Hatimaye rafiki mmoja wa familia alimhurumia, akampa karatasi. Naye akachora kwa kalamu na wino, na kwa maji ya matunda ya porini, hata alipopata burashi na rangi. Haukupita muda majirani wakawa wanabandika kutani picha zake za mbwa, farasi na wawindaji.

Tuulize sasa alifuata mifano gani. Kijijini hapakuwa na picha ila ngao ya Mfalme iliyokuwa kanisani, na mabango ya nyumba za wageni, yaani bango la fahali mweusi, la farasi mweupe, la samaki na la mbwa wakimfukuza sungura. Hizo tu ndizo picha alizozijua. Yeye mwenyewe aliona kwamba nyingi zilikuwa duni kuliko viumbe vyenyewe. Shuleni kilikuwako pia kitabu cha watoto chenye maelezo ya wanyama mia tatu, kilichochapishwa London mwaka 1730, na picha zake zilimchukiza. Alijua kondoo alivyo kwa kuwa alichunga kondoo. Akaona kwamba aliyechora kitabu kile hakuwatazama. Chuki hiyo ya mtoto juu ya kitabu kibaya cha shule aliihifadhi moyoni kwa zaidi ya miaka ishirini, nasi tutairudia.

Jambo jingine la utotoni halina budi kutajwa. Siku moja alirusha jiwe mtini, akampiga ndege mdogo, akaanguka. Alipomwokota, ndege alikuwa bado hai, naye akaona kana kwamba anamtazama usoni akimlaumu. Akaenda naye nyumbani, akamgeuza-geuza na kuyachunguza manyoya yake hata alipokufa. Huyo alikuwa ndege wa mwisho kumwua kwa mkono wake.

Tarehe 1 Oktoba mwaka 1767, akiwa na umri wa miaka kumi na minne, aliandikwa kuwa mwanagenzi wa Ralph Beilby, mnakishi wa Newcastle, kwa muda wa miaka saba. Karakana ya Beilby ilipokea kila kazi iliyokuja: mihuri, nyuso za saa, vijiko vya fedha, kola za mbwa, vibati vya majeneza, vibao vya milangoni. Somo pekee la kuchora alilopewa huko lilikuwa kunakili kitabu cha mapambo, majani na mizunguko-mizunguko ya kupamba pembe za vitu. Baada ya hapo hakufundishwa kuchora tena na mtu yeyote. Hatusemi kwamba kunakili mapambo hakukumfaa, kulimtuliza mkono. Lakini jicho lake halikutoka katika kitabu kile.

Kazi ya mti ilimfikia kwa bahati. Mwalimu mmoja wa hesabu wa Newcastle, Charles Hutton, alikuwa akitayarisha kitabu cha vipimo, naye alihitaji michoro ya jiometri iliyochongwa katika mti ili ipigwe chapa pamoja na herufi. Beilby hakuipenda kazi ya mti, akamtupia mwanagenzi wake. Kitabu kilikamilika mwaka 1770. Basi mchonga wanyama mashuhuri alianzia kwenye pembetatu na duara za kitabu cha shule.

Yafaa tueleze hapa jinsi kazi yenyewe ilivyokuwa, kwa sababu wanachuo wengi huchanganya njia mbili. Katika njia ya zamani mchongaji alitumia ubao uliopasuliwa kwa urefu wa nyuzi za mti, akachonga kwa kisu, akiondoa kila kisichokuwa mstari mweusi. Mstari mwembamba huvunjika kwa urahisi katika ubao kama huo, na kisu kikipita mkingamo wa nyuzi hupasua. Njia aliyoishika Bewick hutumia kipande kilichokatwa mkingamo wa gogo, pale panapoonekana miviringo ya umri wa mti. Gogo lenyewe ni la mti wa jamii ya Buxus, ambao hukua polepole sana na kuwa mgumu, ijapokuwa haufikii ugumu wa mpingo wetu. Juu ya uso huo laini usio na nyuzi za kupasuka, mchongaji hasukumi kisu bali kalamu ya chuma yenye ncha kali, ile ile wanayonakishia wafua fedha. Kila mkwaruzo wake hutokea karatasini kuwa mstari mweupe. Bewick hakuivumbua njia hii, lakini ndiye aliyeonyesha inavyoweza kufanya. Badala ya kufikiri kwa mistari myeusi, alianza na giza tupu, akaingiza mwanga kidogo kidogo: ukingo wa unyoya, manyoya ya shingoni, umande juu ya jani. Zaidi ya hayo, alipotaka mlima wa mbali uonekane hafifu, alikwangua kwanza uso wa mti mahali hapo ukashuka kidogo, ili mtambo usiukandamize kwa nguvu. Kwa kuwa shina la mti huo ni jembamba, picha zake ni ndogo. Nyingi zaweza kufunikwa na kiganja cha mtoto. Lakini ugumu wake huufanya udumu kuchapa maelfu na maelfu ya nakala, tena huwekwa mtamboni pamoja na herufi za risasi na kupigwa chapa kwa mara moja. Hapo ndipo ulipo unafuu wake kwa mtengeneza vitabu vya watoto.

Uanagenzi wake uliisha mwaka 1774. Chama cha Sanaa cha London kilimpa tuzo kwa picha zake za mti, naye akachagua fedha, gini 7, badala ya nishani, akampa mama yake. Mwaka 1776 alitembea kwa miguu nchi ya Skoti, kisha akaenda London kutafuta kazi. Kazi aliipata, mji hakuupenda. Mwaka uliofuata alirudi Newcastle, akaingia ubia na bwana wake wa zamani, na mdogo wake, John, akawa mwanagenzi wao. Kwa miaka iliyofuata alikuwa akienda Cherryburn kwa miguu karibu kila juma kuwaona wazazi wake, katika mvua na theluji. Safari hizo hazikuwa za kuwaamkia wazazi tu. Njiani aliona mbwa waliodhoofu, farasi wazee waliotupwa, vipofu wanaoongozwa, mitego ya ndege, watoto wakipanda makaburi kama farasi. Na vitu hivyo vyote alikuja kuvichonga katika vipicha vidogo vya mwisho wa sura, ambavyo wengi huvipenda kuliko picha kubwa.

Mwaka 1785 ulikuwa mgumu kwake, maana mama yake na baba yake walifariki katika mwaka huo mmoja. Ndio mwaka alioianza kazi aliyoifikiria tangu shuleni, yaani kuwatengenezea watoto kitabu cha wanyama wenye miguu minne ambacho picha zake hazitawadanganya. Tarehe 15 Novemba, siku aliyofariki baba yake, ndipo alipochonga picha ya kwanza, ya ngamia wa nundu moja. Mwaka uliofuata alimwoa Isabella Elliot. Mchana alifanya kazi za karakana zilizomlisha; wanyama aliwachonga usiku.

Hapa ndipo swali la wanachuo wetu lilipomkabili waziwazi. Wanyama wa kwao, kama vile ng'ombe, farasi, mbwa, kondoo na mbweha, aliwajua, akawachora moja kwa moja juu ya mti kutoka kichwani mwake. Wa mbali hakuwajua. Kwa hao alifanya mambo mawili. La kwanza, alitumia picha za vitabu vya wataalamu, hasa kitabu cha Mfaransa Buffon kilichofupishwa kwa Kiingereza. La pili, kila yalipofika mjini maonyesho ya wanyama yaliyokuwa yakizunguka nchini, alikwenda kuwatazama. Namna yake ya kutazama yastahili kuigwa. Kwanza alimwangalia mnyama, akarudi na kumchora kwa kumbukumbu. Kisha alimwendea mara ya pili, mchoro mkononi, akasahihisha alipokosea. Tumewajaribisha wanachuo njia hii kwa mbuzi wa jirani, na tukaona kwamba safari ya pili ndiyo hufundisha, kwa kuwa mchoraji huja akiwa na maswali: goti la nyuma hukunjika upande gani, mkia huanzia wapi, sikio liko juu ya jicho au nyuma yake.

Kitabu kilitoka mwaka 1790, kikiwa na picha za wanyama zikaribiazo 200, na maelezo ambayo sehemu kubwa iliandikwa na Beilby. Kilinunuliwa kwa haraka, kikachapwa mara ya pili mwaka 1791 na mara ya tatu mwaka 1792. Lakini hatupendi kukisifu bila mizani. Wanyama wa Afrika waliomo wanapwaya wakilinganishwa na mbwa na ng'ombe wake. Twiga hai wa kwanza alifika Uingereza mwaka 1827, na kiboko mwaka 1850. Bewick alipowachonga alikuwa akifuata picha za watu wengine, na kosa la picha ya kwanza hupita mkono kwa mkono. Mfano mashuhuri ni wa kifaru wa Mjerumani Albrecht Dürer, aliyemchonga mwaka 1515 kwa kufuata barua na mchoro alioletewa, wala hakumwona mnyama. Akampa kipembe cha ziada juu ya mabega, na kipembe hicho kikanakiliwa katika vitabu vya Ulaya kwa zaidi ya miaka mia mbili. Mtoto wa Serengeti angekitoa kasoro kifaru hicho kwa mtazamo mmoja, kama Thomas alivyowatoa kasoro kondoo wa kitabu chake.

Kabla ya kitabu kile kutoka, mwaka 1789, tajiri mmoja mpenda elimu ya viumbe, Marmaduke Tunstall, alimwagiza picha ya fahali mwitu mweupe wa bustani ya Chillingham. Bewick alikwenda mwenyewe. Kundi lilimkimbia, akashindwa kulisogelea. Mwisho alimpata fahali mmoja aliyeshindwa vitani na wenziwe, amejitenga peke yake, akamwendea akitambaa kwa mikono na magoti hata akamwona vizuri. Picha iliyotokana na mtambao huo ni kubwa kuliko zake nyingi, naye aliihesabu kuwa miongoni mwa kazi zake bora. Zilipokwisha kuchapwa nakala chache, mti ukapasuka. Mchongaji yeyote anayeacha kazi yake juani au karibu na moto na akumbuke msiba huo.

Baadaye alianza ndege, na hapo alijifunza jambo ambalo kitabu cha wanyama hakikumfundisha vya kutosha. Mwaka 1791 alikaa karibu miezi miwili mahali paitwapo Wycliffe, akichora ndege waliokaushwa na kujazwa ndani, waliokuwa wamekusanywa na Tunstall, ambaye wakati huo amekwisha kufariki. Alirudi na rundo la michoro. Alipoanza kuchonga, akalinganisha michoro hiyo na ndege walioletwa wakiwa wametoka kuuawa, akaona tofauti kubwa: ndege wa kabatini walisimama vibaya, manyoya yao yalikuwa yamelala ovyo. Kazi ya miezi miwili aliweka kando sehemu yake kubwa, akaamua kungoja ndege hai au waliouawa karibuni. Habari zilienea, na wavuvi, wawindaji na marafiki kutoka kila upande wakaanza kumpelekea ndege. Yeye ambaye tangu utotoni hakutaka kuua ndege alikiri kwamba wengi waliuawa kwa ajili yake, na jambo hilo halikumpendeza.

Ilimgharimu miaka. Juzuu ya ndege wa nchi kavu ilitoka mwaka 1797, na ya ndege wa majini mwaka 1804. Kati yake ubia na Beilby ulivunjika, na maandishi ya juzuu ya pili akayaandika mwenyewe. Ukiifungua juzuu yoyote utamtambua ndege si kwa manyoya tu bali kwa kusimama kwake, na nyuma yake utaona mahali anapoishi: kijito, ua wa shamba, jabali la pwani. Si kila mkwaruzo ni wake. Wanagenzi wake, miongoni mwao Robert Johnson na Luke Clennell, walichangia michoro na uchongaji, hasa katika vile vipicha vya mwisho wa sura; na baadhi yao wakawa mabingwa baadaye. Twaona si haki kuficha jambo hili, kama wafanyavyo waandishi wengine wapendao shujaa mmoja.

Mwaka 1818 alitoa kitabu cha hadithi za Esopo, na mwaka 1822 akaanza kuandika habari za maisha yake kwa ajili ya binti yake Jane, ambaye aliyachapisha mwaka 1862. Mengi tuliyoyasimulia hapa yanajulikana kwa sababu ya kitabu hicho. Isabella alifariki mwaka 1826. Mwaka uliofuata alitembelewa na John James Audubon, mchoraji wa ndege wa Marekani, akamkuta mzee wa miaka zaidi ya sabini bado ameinamia kipande cha mti usiku, kalamu ya chuma mkononi.

Kazi yake ya mwisho ilikuwa picha kubwa ya farasi mzee aliyekonda, amesimama peke yake mvuani akingoja kufa. Aliikusudia ibandikwe katika nyumba za watu maskini, ili watu wawahurumie wanyama wao. Hakuimaliza. Alifariki tarehe 8 Novemba mwaka 1828 huko Gateshead, akazikwa Ovingham, katika uwanja wa kanisa lile lile ambalo mawe yake ya makaburi aliyachora kwa chaki alipokuwa mtoto wa shule.